Mpini Wenye Meno

Mansour alikuwa mtu wa Tanga aliyekaa Johannesburg miaka mingi kiasi cha kusema "eish" ya wenyeji hata usingizini. Mchana aliuza mikanda na vifuniko vya simu huko Marshalltown, kwenye kibanda chenye upana wa mlango. Lakini ukitaka kumjua hasa, usimtafute kibandani. Umtafute jioni, amesharudi nyumbani Mayfair, ameshaswali, ameshakula, amejifunga kikoi chake na kutoka kwenye roshani ya ghorofa ya pili. Hapo alikuwa daktari, na wagonjwa wake walikuwa mipini ya fimbo za kuvulia samaki.

Wapo watu katika mji huu usio na bahari ambao kila Jumapili hubeba viti vya kukunja na donge la ugali la chambo, wakaenda kukaa ukingoni mwa bwawa mpaka jua liwachoke. Hao ndio waliomletea fimbo zao zikiwa hoi, mipini imeliwa na jua na jasho na mafuta ya nyama choma. Mansour aliubandua mpini wa zamani, au akausugua kwa msasa mkali, kisha kwa msasa laini, kisha kwa msasa laini zaidi unaokaribia kuwa kitambaa. Penye vishimo alichanganya unga wa mbao na gundi akaviziba. Akazungushia uzi wa rangi shingoni, akapaka vanishi, na fimbo ikarudi kwa mwenyewe nzuri hata mtu akaona haya kuishika kwa mkono wenye chambo.

Shufaa, mkewe, alikuwa na neno moja tu juu ya ufundi huo. Neno lenyewe lilikuwa vumbi. Vumbi kwenye nguo zilizoanikwa, vumbi kwenye chai, vumbi kwenye nyusi za mume akija kulala. Hata hivyo alimwacha, maana mwanamume anayeshinda roshani anaonekana, na anayeonekana hana haja ya kutafutwa.

Mwezi ule Mansour alikuwa na kazi ya siri. Binti yao wa pekee, Mwatumu, alikuwa anaolewa. Mwatumu alizaliwa hukuhuku. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu nusu, nusu nyingine akaijaza kwa Kiingereza na Kizulu. Lakini bwawani hakuna anayehitaji lugha, na tangu akiwa mdogo yeye na baba yake walikaa huko Jumapili kwa Jumapili, bega kwa bega, wakitazama maji. Mchumba alikuwa kijana mtaratibu, Abdulrahman, na Mansour hakuwa na la kumkosoa. Ila tusifichane, harusi ile ilimuuma. Kila akizifikiria Jumapili za mbele aliona kiti kimoja cha kukunja hakina mtu.

Basi akaitoa mafichoni fimbo ya kwanza ya Mwatumu, ile aliyomnunulia utotoni, ambayo mpini wake ulikuwa umebaki makombo. Akaapa kuitia mpini ambao hakuna mvuvi wa Johannesburg aliyewahi kuushika. Alitaka mti mgumu, mti wa kwao. Alipokuwa anawaza ataupata wapi, akakumbuka mfuko wa vijiti uliokuwa chini ya kitanda.

"Mama Mwatumu," aliita, "ile mipini ya mafagio kule chini ya kitanda ina kazi?"

Shufaa alikuwa kwenye simu, anagombana na mtu wa mapambo. "Chukua! Chukua yote, unipunguzie uchafu!"

Mwanamume akipewa ruhusa kama hiyo huwa hangoji irudiwe. Mansour aliuvuta mfuko, akakuta mafagio yaliyonyolewa, fimbo ya pazia, na katikati yake, ndani ya kipande cha kanga kuukuu, kipande kifupi kinene cha mti wenye rangi ya chai kali. Alikipima mkononi. Mninga! Mwisho mmoja ulikuwa na vishimo vidogovidogo. Panya hao, alisema moyoni, na akaupeleka mti roshani kabla Shufaa hajamaliza ugomvi wake.

Kutoboa mti kuanzia mwisho hadi mwisho, ili fimbo ipite ndani, si mchezo. Unatoboa upande huu, unatoboa upande ule, na matundu hayana budi kukutana katikati. Wa kumshikia alikuwa André, Mkongomani wa Kalemie, mlinzi huko Newtown, jirani wa ghorofa ya chini na mwenzake wa bwawani. André alikuwa na kipaji cha kupanda ngazi chakula kikiwa kinapakuliwa. Drili ilipozama, pua yake ilianza kucheza.

"Papa Mansour, hii muti iko nanukia sawa mandazi."

"Njaa yako hiyo."

"Hapana, Papa. Mimi najua njaa yangu. Hii ni muti."

Mansour hakusikia. Matundu yalikuwa yamekutana, na fundi ambaye matundu yake yamekutana hasikii mtu. Aliziba vishimo vya panya kwa unga wa mbao na gundi, akausokomeza mti kwenye fimbo kwa ile gundi ya kuchanganya mirija miwili, ambayo ikishakauka haiachii. Kisha akapaka vanishi.

Vanishi ikakataa. Siku ya kwanza ilinata, siku ya pili ilinata, na siku ya tatu nzi alikuja kutua akabaki hapo. Mansour aliikwangua yote, akapaka upya, ikakataa tena. Alibembeleza, akatukana, akaukalisha mpini juani. Mti ule ulikuwa umeshiba kitu kingine na haukutaka kulishwa vanishi. Mwisho, kwa kukata tamaa, aliikwangua mpaka ikaisha, akanyata jikoni, akachota kijiko cha samli na kuusugua nayo. Mti ukainywa papo hapo. Ukang'aa kama mtu aliyetoka kuoga. Tangu hapo kila jioni akawa anaiba kijiko kimoja, na kila asubuhi Shufaa akawa anautazama mkebe wake kwa mashaka.

"Yule Mkongo anakula samli yangu kwa kijiko," alisema Shufaa.

Mansour angeweza kusema neno. Hakusema, akamwacha rafiki yake abebe mzigo wa mkebe mzima.

Ilipofika Alhamisi, uvumilivu ulimwisha. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa waje Jumamosi, na yeye alitaka mtu mmoja angalau aione kazi yake kabla. Akaibeba fimbo sebuleni alipokuwa Shufaa anafuta vikombe vya wageni, akamwekea mapajani kama anayemkabidhi mtoto.

"Ya Mwatumu," akasema. "Zawadi yangu. Shika hapo, usikie."

Shufaa alishika. Tabasamu lilianza kuja, halafu likarudi lilikotoka. Aliuzungusha mpini, akaunusa, akaushika tena kwa mikono miwili, viganja chini, kwa namna ambayo hakuna mvuvi anayeshika fimbo.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Chini ya kitanda. Kwenye mafagio. Ulisema nichukue yote." Kisha, kwa kuwa alidhani anasifiwa, akaongeza, "Mwisho huu ulikuwa mbovu, panya walikuwa wameuguguna. Nimeviziba vishimo. Hebu tafuta, hutaona hata pa kuanzia."

"Panya ni mimi," alisema Shufaa.

Mansour alicheka. Alicheka peke yake.

"Huu ni msukumio wa chapati wa bibi yangu. Nilipokuwa naota meno nilipewa huu niutafune. Mama yangu aliutafuna kabla yangu. Na panya mwingine, kama unataka kumjua, ni mwanao." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Mansour. "Meno yetu yote, Mansour. Umeyaziba kwa gundi."

Ndipo mambo yakamfunguka, moja baada ya jingine, na kila moja likiwa baya kuliko lililotangulia. Kwa kina Shufaa, msichana akiposwa, shangazi wa mume huja kutazama, na msichana husukuma chapati ya kwanza mbele yake kwa msukumio ule. Baada ya hapo msukumio unakuwa wake, na hutoka naye kwenda kwa mumewe. Shufaa mwenyewe aliusukuma mbele ya shangazi yake Mansour, na Mansour alikuwepo. Aliikumbuka vizuri siku ile. Aliikumbuka chapati, akayakumbuka na maharage ya nazi yaliyoletwa nayo. Mti hakuukumbuka hata kidogo.

"Lakini kwa nini umeuweka na mafagio?" aliuliza, akitafuta pa kushika.

"Wezi walipoingia mwaka ule walibeba hata birika. Mafagio waliyaruka." Shufaa aliirudisha fimbo mikononi mwa mumewe. "Nikasema hakuna mtu duniani atakayechukua kipini cha fagio. Nilikusahau wewe."

Na lililozidi yote ni hili: Shufaa alikuwa ameshamsimulia Bi Tumu. Bi Tumu, shangazi yake Abdulrahman, mwanamke wa Unguja ambaye Mayfair nzima ilimwamkia kwa mbali, alikuwa ameambiwa habari za msukumio na akasema atakuja kuuona kwa macho yake. Chapati zilikuwa kisingizio.

Kuanzia hapo Shufaa hakumsemesha mumewe. Chakula alikipata, cha moto na cha kutosha, lakini neno hakupata. Mwatumu akiwepo, yeye ndiye aliyekuwa posta: "Mwambie baba yako chai ipo." Mwatumu akiwa kazini, Shufaa aliliambia birika. "We birika, kuna mtu hapa ameacha viatu mlangoni." Binti alijaribu kuuliza kulikoni, akaambiwa si mambo yake. "Eish, nyie wawili," alisema, "ninyi ndio hamjakua vya kutosha kuoana."

Mansour alijaribu maji ya moto. Akajaribu mashine ya Mwatumu ya kukaushia nywele. Gundi ilikaa kimya kama Shufaa. Ilibaki njia moja tu, nayo ilikuwa msumeno: kuikata fimbo juu ya mpini na chini ya mpini, msukumio utoke na kipande cha fimbo tumboni mwake, nao utasukuma kama kawaida. Fimbo ndiyo ingekufa.

"Kata, Papa," alisema André. "Fimbo, utanunua ingine. Bibi yako, Mama Mwatumu, utamununua wapi?"

Ushauri ulikuwa mzuri na Mansour alijua ni mzuri. Ijumaa baada ya swala aliuweka msumeno juu ya fimbo, akauondoa. Jioni akauweka tena, akauondoa. Alimwona Mwatumu mdogo ameishika ile fimbo kwa mikono miwili, ulimi nje, akivuta kisamaki kisichofika hata kiganja kwa ukubwa na kupiga kelele bwawa zima ligeuke. Mwoga ni mwoga tu, hata akiwa na sababu nzuri. Jumamosi ikamkuta hajakata.

Bi Tumu alifika saa aliyosema, jambo ambalo halikutarajiwa na mtu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alikaa kwenye mkeka, akakunja miguu, akatazama kibao cha chapati, akatazama unga, akatazama msukumio mweupe wa dukani uliowekwa pembeni.

"Huu ndio wenyewe?" akauliza.

Shufaa alifungua mdomo. Alikuwa ameshaupanga uongo wake tangu alfajiri, uongo mzuri, wenye mwanzo na mwisho. Haukutoka. "Nimechelewa kidogo kuutoa, Bi Tumu," alisema, na sauti ikamkwama. "Kunywa chai kwanza."

Huko chumbani Mansour aliisikia ile sauti. Miaka yote aliyoishi na Shufaa hakuwahi kumsikia akikwama. Akapiga goti, akaiweka fimbo juu ya kiti, akaushika msumeno, na safari hii aliushika kweli. Meno ya msumeno yalikuwa yameshagusa fimbo mlango ulipofunguka.

"Baba? Unafanya nini?" Mwatumu alikuwa amejifunga leso mbili mpya, mikono tayari ina unga. Kisha akaiona. "Wait. Hii ni fimbo yangu? Ile yangu ya zamani?"

Mansour alimweleza kwa maneno machache, kama mtu anayetubu foleni ikiwa ndefu nyuma yake. Mfuko, mafagio, mninga, gundi, meno. "Fimbo ni yako," alimaliza. "Na msukumio ni wako. Yote mawili ni yako, mwanangu, ndiyo shida yenyewe."

Mwatumu aliupitisha mkono juu ya mpini. Kisha akaanza kucheka, kile kicheko chake cha bwawani, cha kugeuza watu. "Sasa kama yote mawili ni yangu, unakata nini? Usikate, Baba. Mimi ndiye mwenyewe, na mimi nasema usikate." Akaichomoa nusu ya juu, maana fimbo ilikuwa ya vipande viwili, akapeleka nusu ya chini kwenye sinki, akauosha mpini, na kutoka nayo sebuleni.

Mansour alimfuata hadi mlangoni, msumeno bado mkononi. André, aliyekuja kuleta viti na kusahau kuondoka, alijibanza ukutani.

Mwatumu akakaa mbele ya kibao, akaweka donge, akaushika mpini viganja chini. Mkia wa fimbo, karibu urefu wa mkono wa mtu mzima, ulijitokeza pembeni na vipete vyake vya kupitishia mshipi.

"Jamani," alisema Bi Tumu, akavaa miwani. "Hii antena?"

"Ni msukumio, Shangazi," Mwatumu alijibu kwa adabu zake zote. "Baba ameu-customise."

Akasukuma. Mkia ukazunguka, ukapiga bakuli la sukari, bakuli likabiringika. Akavuta, mkia ukafagia kikombe cha chai, André akakidaka. Akasukuma tena, na safari hii mkia ulielekea moja kwa moja kwenye miwani ya Bi Tumu. Shufaa alifumba macho. Alipoyafumbua, Bi Tumu alikuwa ameidaka ncha ya fimbo kwa mkono wake mwembamba, na hakuiachia.

"Haya, sukuma," aliamuru. "Mie n'nashika huku. Taratibu, usinitoe bega."

Wakasukuma. Mmoja alikuwa kwenye unga, mwingine kwenye ncha, wanakwenda mbele na kurudi nyuma, na Bi Tumu akawa anaizungusha fimbo viganjani kama amezaliwa nayo pacha. Chapati ikaanza kutanuka, ikapata umbo la sikio. Ndipo kitu kidogo kikadondoka juu yake. Halafu kingine. Gundi ya Mansour ilikuwa imeshika mti uliokunywa samli tangu enzi za bibi, na kwa joto la mikono viraka vyake vilikuwa vinabanduka kimoja kimoja.

Bi Tumu aliviokota kwa kucha na kuviweka pembeni ya sahani. Akainama, akapitisha kidole kwenye vishimo vilivyofunguka.

"Haya meno ya nani?"

"Ya mama yangu," alisema Shufaa akiushika mpini, na sasa sauti ilitoka nzima. "Hayo ya katikati yangu. Hayo madogo ni ya huyu."

Bi Tumu aliugeuza mpini polepole mpaka akaufikia upande uliokuwa laini, haujaguswa. Akaupiga ukucha, ukalia. "Hapa pangali pazima," alisema. "Pawatosha watoto wa kwetu."

Mwatumu aliuficha uso kwenye leso, akaacha unga kwenye pua. Shufaa alicheka huku machozi yanamtoka na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa na samli. Hapo akautazama mkono wake, akaunusa, akautazama mpini, akatafuta kwa macho mpaka akamwona aliyesimama mlangoni.

"Baba Mwatumu," alisema. Lilikuwa neno la kwanza tangu Alhamisi, na Mansour karibu adondoshe msumeno. "Hiki kipini umekipaka nini?"

"Vanishi ilikataa."

"Sikukuuliza kilichokataa."

"Samli," alikiri Mansour. "Kijiko kila jioni."

Shufaa aliugeuza uso kwa André, aliyekuwa bado amekumbatia kikombe cha chai ya watu. André akainua mkono mmoja juu. "Mama Mwatumu, mimi nilisema hii muti inanukia mandazi. Yeye akasema ni njaa."

"Leo utakula chapati mpaka uombe msamaha," Shufaa alimwambia. Kisha akamrudia mumewe, ambaye hakujua bado kama amesamehewa au amepewa tu zamu ya kuhukumiwa. "Na wewe umesimama na msumeno mbele ya wakwe kama mchinjaji. Uweke chini. Njoo ushike hii ncha, mkono wa Bi Tumu umechoka."

Mansour akauweka msumeno nyuma ya pazia, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka pembeni ya binti yake. Bi Tumu akamwachia ncha. Mwatumu akaweka donge la pili, akamtazama baba yake, wakakaa namna ileile waliyokaa bwawani, wanangoja.

"Tayari, Baba?"

"Tayari."

Akasukuma, na Mansour akaisikia fimbo ikizunguka kiganjani mwake.